Mwezi Uliosimama Wima

Mdogo wangu alipotuletea filamu ya anga, mimi peke yangu nyumbani ndiye niliyesema isiwashwe. Yeye alidhani nasema kwa sababu ya dini, akaanza kunihutubia kuhusu elimu. Nilimwacha ahutubu. Sababu yangu ilikuwa macho ya baba, na hilo nilikuwa nimekatazwa kulitamka.

Baba yetu alikuwa maalim wa msikiti mdogo kisiwani kwetu, ng'ambo ya maji kutoka Masoko. Watu walimtegemea kwa mengi, lakini kuliko yote walimtegemea kwa mwezi. Redio ingetangaza itakavyo, umeonekana au haukuonekana. Kwetu watu walimsubiri yeye asimame ufukoni upande wa bara, kule jua linakozama, aseme neno lake. "Kila mji na mwezi wake," alizoea kusema. "Redio ni ya taarabu na matangazo ya vifo." Mwaka uliotangulia alikuwa ameuona mwezi wa Idi siku ambayo Masoko nzima haikuona kitu. Tulikula pilau wenzetu wakiwa bado wamefunga, na kwa jambo lile watu wa kisiwani walitembea kifua mbele mwaka mzima. Wauza samaki wetu walipovuka kwenda sokoni, walianza na habari ya mwezi kabla ya kutaja bei.

Sasa Ramadhani nyingine ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa nimeshaona mambo. Baba alianza kupapasa kizingiti kwa kidole cha mguu kabla ya kukivuka. Alisoma Kurani ameushika msahafu, sauti safi kama siku zote, lakini ukurasa aliugeuza baada ya aya kadhaa kumpita. Maneno yote yalikuwa kichwani mwake tangu ujana. Kurasa alizigeuza ili tumwone anageuza. Jicho la kulia lilikuwa na weupe wa wazi, na la kushoto lilikuwa linafuata.

"Baba, madaktari wa macho watakuja Masoko," nilimwambia siku moja tukiwa wawili. "Wanamtoa huyo mtoto wa jicho, mtu anarudi kwake anaona."

"Nani kakwambia nina mtoto wa jicho?"

"Naona mwenyewe."

"Basi kama wewe unaona, shukuru Mungu. Neno hili usilirudie, si kwangu wala kwa mtu mwingine."

Mimi ulimi wangu hauna kifuniko, kisiwani kote wanajua, na aliyekuwa mume wangu anajua zaidi. Lakini neno la baba ni neno la baba. Nilinyamaza, na kule kunyamaza kulinikaa tumboni kama muhogo mbichi. Nilimkasirikia sana. Mficha maradhi kifo humuumbua; methali ile alitufundisha yeye mwenyewe katika chuo chake cha Kurani, mimi nikiwa mtoto wa kukalia mkeka.

Mdogo wangu anafundisha sayansi sekondari huko Lindi. Alikuja likizo, akashuka Nangurukuru, akafika Masoko, akavuka kwetu na televisheni bapa iliyofungwa kwenye blanketi, na filamu ndani ya flashi mfukoni mwa shati. Alisema filamu ile imetengenezwa makusudi itazamwe nyumbani, familia imekaa pamoja, wazazi na watoto waulizane maswali. Nilicheka. Aliyebuni hayo hakuwahi kuja kwetu. Ukiwasha televisheni kisiwani huna tena nyumba, una uwanja.

"Iwe sisi tu basi," nikasema. "Mimi na wewe na watoto wa hapa nyumbani. Baba ana shughuli zake."

Baba alikuwa barazani, akasikia. "Shughuli gani hizo?" akauliza. "Waite watu. Waite na naibu wangu. Waje waone kazi ya Mola."

Nilielewa anafanya nini. Asiyeona angeikimbia filamu; yeye aliiitia mashahidi.

Wakaja baada ya swala ya alasiri. Tulitundika khanga madirishani chumba kiwe na giza, na waliokosa nafasi ndani wakazifunua khanga zile zile wachungulie. Baba alikaa kwenye kiti chake mbele kabisa. Mimi nilikaa chini kando ya goti lake na birika la kahawa, ili niwe na sababu ya kumwinamia. Naibu wake, aliyemsaidia kuswalisha, alikaa mkabala akiegemea ukuta. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu wa maneno machache, na inajulikana kwamba yeye moyoni alipenda tufuate redio kama miji mingine. Sikumwamini. Nilidhani anakitazama kile kiti cha baba.

Filamu ilikuwa na sauti ya mtu anayesimulia kwa Kiswahili, na ile sauti ndiyo iliyokuwa fimbo ya baba. Msimulizi akisema roketi inaruka, baba anatikisa kichwa: "Moto huo! Mnauona moto huo?" Msimulizi akisema maji yanaelea, baba anasema, "Subhanallah, maji bila chombo." Alikuwa nyuma ya picha kwa kitambo kidogo tu, kama mtu anayesikia jambo na kulitafakari kwanza. Nilianza kupumua.

Na watu, kwa kweli, hawakuwa wakimtazama yeye. Jirani yetu muuza pweza alipoona tone la maji likipita mbele ya uso wa mwanaanga, aliuliza, "Sasa huyo anatawadha vipi?"

"Anatayamamu," baba akajibu papo hapo.

"Na udongo wa kutayamamu, Maalim, ataupata wapi huko juu?"

Chumba kizima kikacheka, baba naye akacheka, akasema mwenye safari hubeba wake. Mwingine akauliza kibla kiko upande gani ikiwa nyumba yenyewe inazunguka. Mwingine akataka kujua akifa mtu kule anazikwa wapi, na huyo hakuchekwa. Alipotokea mwanamke wa angani, nywele zimemsimama kichwa kizima, mabibi walisema Mungu amlinde na majini. Kisha msimulizi, bila haya wala taarifa, akaanza kueleza jinsi wanavyojisaidia haja, na bomba likaonyeshwa. Mvuvi mmoja alikuwa amekaa chumba kimoja na mama mkwe wake, jambo ambalo hata bila bomba si zuri. Aliinuka ameinamisha kichwa, akatoka huku amejifunika uso kwa kofia yake, na mama mkwe akageukia ukutani akabaki hivyo mpaka picha ilipobadilika. Hakuna aliyecheka mpaka mkwe alipofika mbali.

Mdogo wangu alikuwa amefurahi kupita kiasi. Pwani yetu ilipoonekana kutoka juu, aliisimamisha picha akaenda kuigusa kwa kidole. "Hapa ndipo sisi," akasema.

"Mbona msikiti hauonekani?" bibi mmoja akauliza.

"Ni mbali sana, bibi."

"Mungu anauona," bibi akasema, akaridhika. Mzee aliyekuwa dirishani akasema hizo ni picha za kutengeneza, yeye maji ya Kilwa anayajua na hayana rangi ile.

"Baba, unaonaje?" mdogo wangu akauliza.

Nikamwinamia kana kwamba namwongezea kahawa. "Bahari kutoka juu," nikanong'ona. "Buluu. Pwani upande wa kushoto." Akasogeza goti lake kwa hasira nisimwegemee.

"Bahari ni kubwa," akasema kwa sauti, "na pwani ni uzi tu pembeni. Ndiyo mjue kiburi chenu kina ukubwa gani." Watu wakaguna kukubali. Nikaliweka birika chini.

Halafu msimulizi akanyamaza. Ukaanza muziki peke yake, wa polepole, na picha zikawa zinapita bila neno: milima, misitu, theluji. Niliusikia ule ukimya kwa masikio ya baba. Nikaona vidole vyake vinabana mkono wa kiti. Nikaomba yule msimulizi aongee, aongee chochote, hata habari za choo.

Juu ya ile theluji ukatokea mwezi mchanga, mwembamba. Na naibu, kwa heshima zote, akauliza, "Maalim, mwezi huo wa siku ngapi?"

Watu wote wakamgeukia. Kwa jambo la mwezi kisiwani hakuna anayejibu kabla yake.

Niseme jambo moja hapa. Mwezi mchanga kwetu hulala, pembe zake zikatazama juu. Mtu akija kwa maalim kusema ameuona, swali la kwanza ni pembe zimeelekea wapi, na anayejibu vibaya anarudishwa kwao na maneno makali juu. Baba alikuwa amewarudisha watu wazima kwa swali lile. Lakini filamu ile ilipigwa huko kwa wenye baridi, na mwezi wa huko haulali kama wetu. Ulikuwa wima, kama mundu uliotundikwa ukutani. Mtoto wa miaka minne angeliona hilo.

"Mchanga huo," baba akasema. Alijiweka sawa kitini, sauti yake ikawa ile ya darasani. "Wa siku mbili. Tazameni ulivyolala chali, pembe juu. Huko kote waliko, mwezi ni ule ule kama wa kwetu."

Muuza pweza alitazama televisheni, akamtazama baba, akarudi kutazama televisheni. Bibi aliyekaa karibu na mlango alikohoa kikohozi kisicho chake. Mdogo wangu, ambaye hakujua lolote, ambaye mimi ndiye niliyemficha, akainua kidole chake cha ualimu.

"Hapana, baba, huo umesi..."

Nikainuka, nikaushika waya wa betri ya sola, nikauvuta. Kioo kikawa cheusi.

"Betri imekwisha," nikasema. "Haya, magharibi inakaribia, watu wakatawadhe."

Taa ndogo ya kijani kwenye boksi la betri ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Naibu aliitazama taa ile, kisha akanitazama mimi. Halafu akainuka akashukuru kwa kahawa, akatoka na wengine.

Tulipobaki peke yetu baba hakuinuka. Aliuliza, "Nimekosea nini?"

"Mwezi ulikuwa umesimama," nikamwambia.

"Umesimama," akarudia. Kisha akaomba maji ya kutawadhia, nikamletea, na jioni ile akaenda kuswalisha kama kawaida.

Mdogo wangu nilimweleza siku ile ile. Hapakuwa na la kuficha tena. Alilia, kisha akanigombeza, kisha akasema atambeba baba kwa nguvu mpaka hospitali ya mkoa. Nikamwambia ajaribu, nitakuja kumwokota.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya nyumba nimekalia mbuzi, nakuna nazi, naibu akabisha hodi. Sikumkaribisha kiti.

"Dada," akasema, "Maalim anaona?"

"Anaona kuliko wewe."

"Dada."

"Na wewe swali lile uliliuliza makusudi. Ulitaka watu wajue. Basi wamejua, nenda kakikalie hicho kiti."

Alisimama akisubiri nimalize. Kisha akasema, "Niliuliza kwa sababu tangu utotoni mwezi namuuliza yeye. Sikujua." Akavuta pumzi. "Watu wameanza kusema. Wapo wanaosema alighafilika, wapo wanaosema siye wa kutuangalizia mwezi tena. Siku ya mwandamo nitasimama ubavuni kwake. Nikiuona nitamwelekeza ulipo, atatazama huko huko, atasema naam. Baada ya hapo mtafutieni hospitali pole pole. Hakuna atakayejua."

Nilikuwa nimeshika kifuu mkononi, nimejiandaa kukitupa. Nikakiweka chini. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Naibu alikuwa anajitolea kuwa mwosha, na mimi nilikuwa namtukana. Nikamwambia akae. Hakukaa, lakini alikunywa maji.

Siku zilizobaki kabla ya mwandamo zilikuwa ndefu. Baba hakutoka isipokuwa kwenda msikitini. Mimi nikienda kisimani, mazungumzo yalikuwa yakikatika, kisha yanaanza tena na habari ya bei ya dagaa. Nilijua wanasubiri nini. Akisema neno lake la mwandamo na naibu akaliunga mkono, ile jioni ya filamu itakuwa kichekesho cha kuwasimulia watoto. Akikosea tena mbele ya watu, hakuna atakayemsikiliza hata akisema jua ni la moto. Yeye bila neno lake angekuwa nani? Hilo ndilo lililoninyima chakula.

Jioni ya mwandamo nilikwenda ufukoni. Wanawake kwetu hawazoei kwenda, lakini nani angenizuia na ulimi wangu huu? Watu walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Hata wale wasioswali walikuja. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya mikoko ya ng'ambo, jua limezama, na kati ya mawingu na mikoko pamebaki ukanda mwembamba uliosafika. Baba alisimama mbele na bakora yake, naibu ubavuni kwake, mdogo wangu nyuma.

Nikauona. Ulikuwa mwembamba mno, umelala, unaingia na kutoka kwenye ukungu. Naibu naye akauona, maana nilimwona ananyoosha mkono.

"Ule pale, Maalim," akasema kwa upole, na kwa sauti ya kusikika. "Juu ya mikoko, kushoto kidogo ya mnazi ule mrefu."

Baba akainua uso. Aliuelekeza pale pale hasa, wala hakukosea. Alibaki hivyo, na watu wakasubiri. Kilichotakiwa ni neno moja tu: naam. Mimi niliyelelewa na mtu yule, niliyechapwa naye kwa uongo mdogo wa kashata, nilisimama pale nikimwomba Mungu baba aseme uongo.

"Umeuona kwa macho yako?" akamuuliza naibu.

"Nimeuona, wallahi."

"Nani mwingine?"

Watu wawili watatu wakasema wameuona. Akawauliza mmoja mmoja maswali yake, wakajibu.

"Basi kesho ni kufunga," akasema. "Ni kwa ushahidi wa hawa. Mimi sikuuona."

Muuza pweza, aliyesimama karibu nami, akasema kwa huruma, "Ni ukungu tu, Maalim. Kesho utauona."

"Kesho pia sitauona. Sioni." Alikuwa ameshika bakora kwa mikono miwili. "Na ule wa Idi ya mwaka jana sikuuona."

Hapo nikaelewa kwa nini hakutaka daktari. Angerudi na macho mapya, na kila mtu angemuuliza: macho haya yaliharibika tangu lini?

"Mwaka jana nilisimama hapa hapa," akaendelea. "Mtu mmoja akasema, ule pale, Maalim. Labda alitazama kipande cha wingu. Mngojeo wenu ukawa mzito juu yangu, nikasema naam. Niliona aibu."

"Si uliapa?" sauti ikatoka nyuma.

"Sikuapa. Nani kati yenu angethubutu kuniapisha?" Akaelekeza uso ng'ambo. "Siku ile Masoko walikuwa wamefunga, na sisi tulikula. Kila aliyekula kwa neno langu ana siku ya kuilipa. Dhambi ni yangu. Siku ni zenu, na sina njia ya kuwafungia."

Ile pilau, kile kifua mbele cha mwaka mzima, vyote vilikuwa vimesimama pale katikati yetu na hakuna aliyetaka kuvitazama. Mdogo wangu alikuwa amekaa mchangani. Wazee wawili waligeuka wakaondoka bila salamu, na mmoja wao alikuwa amecheza na baba tangu utoto.

Nilipenya nikafika mbele. Akanijua kwa hatua zangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Nitazamie nyuso zao."

Nikageuka. Mwanga ulikuwa bado upo kiasi cha kuona vizuri, na ningependa usingekuwepo. Naibu alikuwa amejifunika macho kwa kiganja. Wengine walikuwa wanatutazama sote wawili, midomo imebana, watu niliokua nao, watu waliokula kwangu. Ningeweza kumwambia chochote, angeamini.

"Naibu analia," nikasema.

"Na wengine?"

"Wamekasirika, baba."

"Haki yao," akasema. Akaikabidhi bakora mkono wa kushoto, na ule wa kulia akaunyoosha kando, mbele ya wote, akangoja niushike.